Tunawafundisha Kazi, Kisha Wanaondoka: Je, Niwafunge kwa Mkataba?

BARUA

Shikamoo, Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 38, na ni ofisa rasilimali watu katika kasino moja jijini Dar es Salaam ambayo ipo ghorofa ya chini ya hoteli. Kazi yangu ni kutafuta vijana, kuwasaili, kuwaingiza katika darasa la mafunzo, na kuhakikisha kwamba kuanzia jioni hadi alfajiri kila meza ina mtu wa kuihudumia. Nakuandikia kwa sababu ninalotakiwa kufanya mwishoni mwa mwezi huu linaninyima usingizi, na nyumbani sina ninayeweza kumweleza.

Mtu wa nje akimwona dila, yaani mhudumu wa meza ya kamari, hudhani anagawa karata tu. Sisi tunaomwandaa tunajua gharama yake. Anayeanza na ruleti, ule mchezo wa gurudumu la namba, lazima ajue kwamba dau la namba moja pekee likishinda hulipa 35 kwa moja, namba mbili zinazopakana hulipa 17, kona ya namba nne hulipa 8, na kwamba mteja aliyeizungushia namba ya katikati chipu tisa (vile vibao vinavyochezewa badala ya fedha), yaani juu yake, pande zote na kona zote, anadai 135. Hesabu hiyo inatakiwa itoke kichwani papo hapo, huku mteja amesimama mbele yake akiwa amelewa, na kamera zinamtazama kutoka darini. Vidole navyo vifundishwe kukata chipu ishirini ishirini bila kuhesabu kwa macho, na mwili uzoee kwamba huwezi kuondoka mezani kabla ya kuonesha viganja pande zote mbili. Hayo huchukua wiki nyingi, na muda wote huo tunawalipa posho ilhali hawajaingiza hata senti. Baada ya hapo kuna leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, nayo ina fomu zake na uchunguzi wake wa mwenendo wa mtu.

Akishaiva, anaondoka. Wengine huchukuliwa na kasino za jirani kwa nyongeza ndogo ya mshahara. Wengine huenda kwenye meli za watalii, na siku hizi kila anayejua ruleti vizuri anazungumzia Ras Al Khaimah, huko Falme za Kiarabu. Mabinti wengi huacha wanapoolewa, kwa kuwa mume hataki mke arudi nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Lakini wapo pia wanaoacha mapema kabisa, katika siku za mwanzo za darasa, na hao ndio wanaonitesa zaidi, kwa sababu najua chanzo chake.

Tangazo letu la kazi husema kwamba wanahitajika vijana wa huduma kwa wateja katika ukumbi wa burudani wa kimataifa, wachangamfu, wepesi wa hesabu na wanaojua Kiingereza. Neno kasino halimo. Meneja ndiye aliyeagiza liandikwe hivyo, akisema kwamba tukiliweka tutapata wacheza kamari badala ya wahudumu, na mabinti wa familia zenye heshima hawatakuja. Ni kweli kwamba watu huja wengi. Wengine hugundua kwenye usaili, wengine wakishaingia darasani. Mzee mmoja alikuja hadi mapokezi kumchukua binti yake, ambaye hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko za darasa zima. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama tangazo lile niliandika mimi.

Sasa meneja ameleta mpango mpya kwa ajili ya darasa lijalo. Kila mwanafunzi atasaini kwamba hataacha kazi kwa miaka miwili, na akiacha atalipa shilingi milioni tatu za mafunzo. Vyeti vyake halisi vya kidato cha nne au cha sita vitakaa kwenye kabati la chuma la ofisi. Hasara yoyote itakayotokana na kosa la malipo mezani itakatwa kwenye mshahara wake. Na ameshauri tusitafute tena vijana wa Dar, bali wa mikoani, kuanzia Tanga, kwa hoja kwamba kijana aliye mbali na kwao hana pa kukimbilia. Mimi ndiye nitakayekwenda, na jina langu ndilo litakalokuwa kwenye mikataba hiyo kwa niaba ya kampuni.

Mama, Tanga ni kwetu. Mama yangu mzazi yuko huko, ni mtu wa dini, na anajua kwamba ninafanya kazi hotelini. Si uongo kamili, kwa kuwa hoteli ipo juu yetu, lakini sijawahi kumwambia ninafanya kazi sehemu gani. Fedha ninazomtumia kila mwezi ndizo zinazomtibu kisukari. Nikienda Tanga kutafuta madila, atajua kabla sijamaliza usaili wa kwanza.

Meneja si mtu mbaya. Anabanwa na wenye mali kwa sababu siku za Ijumaa na Jumamosi tunafunga meza wakati wateja wapo. Yeye ni mgeni, kama walivyo karibu wakuu wote wa zamu, na kibali chake kina mwisho. Mimi nina mkopo benki na ada za watoto. Je, nisaini mpango huu na kuilinda kazi yangu, au nikatae? Na ipo njia ya kupata vijana watakaobaki bila kuwafunga?

Ofisa wa Zamu za Usiku,
Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huo.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninavyoielewa mimi, umeleta mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Lipo tatizo la kampuni, kwamba watu hawakai. Ipo dawa ambayo meneja ameichagua, kwamba walazimishwe kukaa. Na lipo jambo lako mwenyewe, ambalo umelitaja mwishoni kana kwamba ni nyongeza, ingawa mimi nahisi ndilo lililokushikisha kalamu. Niruhusu nianze na lile la kwanza.

Unaandika kwamba wanaondoka, lakini katika maelezo yako mwenyewe nimewaona watu wa aina nyingi, na kila mmoja anaondoka kwa mlango wake. Binti aliyeacha darasani baada ya kugundua kuwa ukumbi wa burudani ni kasino hakuvutiwa na mshahara wa jirani. Alikuja kwenye kazi moja akakuta nyingine. Aliyeolewa akaacha ameshindwa na saa za kazi, au na safari ya kurudi nyumbani gizani, au na maneno ya wakwe, na haya matatu si kitu kimoja. Kijana aliyepanda meli ameona mbali zaidi ya alipofikia. Mkataba wa miaka miwili unawatendea wote hawa sawasawa, na ndiyo maana nakuomba usiupime kwanza kwa uhalali wake, bali ujiulize utamzuia nani hasa. Yule wa siku za mwanzo utamtisha, lakini ni tangazo lililomleta. Yule hodari anayehitajika ng'ambo atalipiwa hizo milioni tatu na mwajiri mpya, au atazilipa mwenyewe kwa mishahara yake ya mwanzo huko. Wanaobaki ndani ya wavu ni wale ambao hakuna aliyekuwa akiwataka. Sijui kama meneja amelitazama jambo hilo kwa upande huo.

Habari za Ghuba unazosikia si uvumi mtupu. Falme za Kiarabu ziliunda chombo cha kusimamia michezo ya kubahatisha mwaka 2023, na mwaka uliofuata leseni ya kwanza ya kasino ikatolewa kwa mradi wa kampuni ya kasino ya Wynn huko Ras Al Khaimah, ambao umepangwa kufunguliwa mwaka 2027. Nyumba ya ukubwa huo itataka watu wengi wanaojua meza, na itawatafuta popote walipo. Huwezi kushindana nayo kwa mshahara, na wala usijilaumu kwa hilo. Unachoweza kuwafanyia vijana wako ni kuwaambia wasimpe fedha wakala yeyote wa mtaani anayewaahidi nafasi huko, na waulize kwanza kwa TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira.

Kuhusu mpango wenyewe, mimi si wakili, na nakushauri umtafute mmoja au umwone Ofisa Kazi kabla ya kuweka sahihi. Hata hivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mambo ambayo mtu wa nafasi yako hana budi kuyajua. Makato ya hasara hayafanywi kwa sababu tu meza imepungukiwa. Hasara hiyo lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi alivyokipata, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Dila anayejifunza atakosea, hilo unalijua kuliko mimi. Ukisaini mkataba unaosema kila kosa litakatwa, siku shauri litakapofika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, atakayeulizwa maswali ni ofisa aliyesaini, na huenda meneja wakati huo kibali chake kimeisha na ameshaondoka nchini.

Habari ya vyeti halisi imenihuzunisha. Kampuni kudai sehemu ya gharama za mafunzo kutoka kwa mtu aliyekubali kwa uelewa ni jambo ambalo watu wazima wanaweza kulijadili. Yapo makubaliano ya namna hiyo ambayo deni hupungua kadiri miezi inavyopita, na mtu akishafanya kazi mwaka mmoja anadaiwa kidogo au hadaiwi kitu. Kushika cheti cha mtoto wa mwenzako ni jambo jingine. Unganisha hilo na hoja ya kumchukua kijana wa mbali ili asiwe na pa kukimbilia, kisha soma mambo hayo mawili pamoja, taratibu, kana kwamba yameandikwa na kampuni nyingine kuhusu mwanao akishamaliza kidato cha sita. Simhukumu meneja wako. Umesema anabanwa, nami nakuamini, na mtu aliyebanwa huandika mambo ambayo angeyaona vibaya kama angekuwa ametulia.

Nina swali kuhusu jambo ulilolitaja kwa haraka, kwamba karibu wakuu wote wa zamu ni wageni. Kijana mwenye akili, mwepesi wa hesabu kama mnavyotaka, anaingia hapo, na ndani ya miezi michache anatambua kwamba waliosimama nyuma yake kumkagua wote wametoka nje ya nchi. Anauona mwisho wa barabara yake. Kwa nini asipande meli? Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuwarithisha Watanzania ujuzi na nafasi hizo, na kibali cha kazi cha mwajiriwa mgeni, pamoja na nyongeza zake, kina ukomo wa muda. Bila shaka mpango huo umo katika faili fulani ofisini kwenu. Ulishawahi kuwaonesha madila? Pengine wapo ambao wangesubiri miaka miwili kwa hiari yao kama wangejua kwamba mwishoni kuna kiti cha inspekta, yaani msimamizi wa madila, na kwamba kiti hicho si cha maneno. Nasema pengine, kwa sababu ahadi ya namna hiyo ikivunjwa mara moja, darasa lote litaondoka kwa pamoja.

Mambo mengine ni madogo, lakini usiyadharau. Sheria ile ya ajira ya mwaka 2004 inatoa nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hakikisha inaonekana kwenye hati ya mshahara ikiwa peke yake, ili mfanyakazi aione. Na usafiri wa alfajiri wa kumfikisha binti mlangoni kwao Mbagala au Kimara, badala ya kumshusha barabarani akatafute bodaboda, unaweza kumbakiza kazini aliyeolewa kuliko mkataba wowote, kwa sababu mume wake ataliona gari na atamjua dereva.

Watu hupenda kudhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Macau, eneo la China ambako kasino ndizo zinazobeba uchumi, serikali imeihifadhi kazi ya dila kwa wakazi wa huko tu, na bado mwaka 2012 walilazimika kutunga sheria ya kupandisha umri wa kuingia na kufanya kazi kasino kutoka miaka 18 hadi 21. Kwao hofu mojawapo ilikuwa vijana kuyakimbia masomo na kufuata meza. Kwenu vijana wanazikimbia meza. Nimelitaja ili uone kwamba suala la nani ahudumie meza, na kwa masharti gani, limewaumiza vichwa watu wenye uwezo mkubwa kuliko kasino moja ya ghorofa ya chini.

Sasa njia ulizonazo. Ukisaini kama ulivyoagizwa, utailinda kazi yako kwa muda, darasa litajaa, na utaishi ukijua yaliyomo kwenye lile kabati. Ukikataa moja kwa moja, dhamiri yako itapumua, lakini meneja anaweza kumpata mwingine wa kusaini, na wale vijana watasainishwa na mtu asiyewawazia kama unavyowawazia wewe. Nawe una mkopo na ada, mambo ambayo hayasubiri. Ipo njia ya kati, ya kurudi kwake na pendekezo lako: deni la mafunzo linalopungua, bila vyeti, lililosomwa na wakili, na tangazo moja la majaribio linalosema wazi kwamba hii ni kasino, kazi ni ya usiku, na mzazi anakaribishwa kuja kuona ukumbi mchana kabla mwanawe hajaamua. Hatari yake ni kwamba watakuja wachache, na huenda meza zikaendelea kufungwa wikiendi kadhaa, na lawama zitakuja kwako. Inawezekana pia kwamba wachache hao watakaa. Sina uwezo wa kukuhakikishia lolote kati ya hayo mawili, na anayekuhakikishia anakudanganya.

Nimefika kwenye lile la mama yako. Sitakuambia umweleze wala usimweleze. Afya yake unaijua, imani yake unaiheshimu, na uzito wa fedha za dawa unaubeba wewe. Wapo watakaokuambia uache kazi hiyo kabisa kwa kuwa kamari ni haramu; kama swali hilo limo moyoni mwako, lipeleke kwa mtu wa dini unayemwamini, maana si langu kulijibu katika safu hii. Ninachotaka ulifikirie ni hiki: huko Tanga atakaa mbele yako binti wa miaka ishirini, naye atakuuliza, kwa adabu zote, mama yako anaionaje kazi hii. Una jibu? Kama huna, huenda ugumu wa kuajiri unaoueleza haukuanzia kwenye soko la ajira tu. Tangazo linaficha neno, meneja anajificha nyuma ya tangazo, na wewe umejisitiri kwa jina la hoteli. Nadhani ndiyo maana swali la yule mzee wa mapokezi halijakutoka hadi leo.

Hilo lisikufanye ujione mnafiki. Kumficha mzazi jambo ili kumlinda ni kitu ambacho watoto wengi wema hufanya, na huenda mama yako anajua zaidi ya unavyodhani. Wazazi wetu hawakosi watu wa kuwaletea habari kutoka Dar. Ukitaka kumwambia, safari ya kumwambia iwe ni ya kwake, isiwe imefungwa pamoja na usaili. Na kama huko tayari, unayo haki ya kumwomba meneja amtume mtu mwingine Tanga, nawe ubaki na darasa la Dar, bila kumweleza sababu zote.

Kabla ya mwisho wa mwezi, omba mpango huo upewe kwa maandishi ukiwa na jina la aliyeuagiza, na usikubali kuusaini siku hiyohiyo. Kisha chukua rekodi zako za madarasa yaliyopita, uwapange walioondoka kulingana na walivyoondokea: darasani, kwa ndoa, kwa jirani, ng'ambo. Weka mbele ya kila kundi gharama ambayo kampuni ilitumia, na uandike ni nani kati yao angebaki kwa ajili ya mkataba, nani kwa ajili ya gari la alfajiri, nani kwa ajili ya cheo. Ukikaa na meneja, anza na karatasi hiyo kabla hujagusa sheria. Mtu aliyekulia kwenye meza za kamari husikiliza namba kwanza.

Mama Mshauri